Mguu usio na mpigo hausubiri maji yajae

Mhariri,

Mazungumzo kuhusu majeruhi wa visiwani huku Lamu hayakosi mambo mawili: boti ya wagonjwa na daktari bingwa. Yote mawili ni haki yetu kuyadai, nasi tunayadai. Lakini kuna muda unaopotea kabla boti haijatafutwa na kabla daktari hajaamshwa, nao hupotea mikononi mwa watu wenye nia njema: jamaa anayekaza kamba, fundi wa mifupa anayefunga mabanzi, tabibu anayeshona ngozi bila kushika mguu chini ya jeraha. Tunaomba nafasi tueleze jambo moja lisilohitaji mashine. Mshipa mkubwa ulioumia hugunduliwa kwa vidole viwili, na tangu dakika ulipoumia, kiungo kilicho chini yake kina takriban muda wa saa sita.

Muda huo si kauli ya Mungu. Mtu ambaye vijishipa vyake vya pembeni vinapitisha damu kidogo huweza kustahimili zaidi. Aliyepoteza damu nyingi, au aliyefungwa bendeji ya kubana, ana muda mfupi kuliko huo. Vinavyotangulia kufa ni neva, yaani mishipa ya fahamu, na misuli. Ngozi ni sugu zaidi, ndiyo sababu mguu huweza kuonekana mzima kwa nje ilhali nyama ya ndani imekwisha kufa. Sasa piga hesabu ya huku kwetu. Kijana amekatwa paja na pangaboi la injini karibu na Kizingitini, na maji yamekauka. Boti isubiri maji, ifike Lamu, mgonjwa apandishwe Hospitali ya King Fahd, apimwe, kisha iamuliwe kwamba lazima aende mbele: avushwe hadi Mokowe, apite Hindi, Witu na Garsen mpaka Malindi, zaidi ya kilomita 200, na akihitajika Mombasa aongeze nyingine 120 hivi. Hata gari lisiposimama mahali, muda umekwisha njiani. Kwa hivyo simu ya rufaa hupigwa mgonjwa akiwa bado yuko kwenye gati, mara tu mpigo unapokosekana. Anayengoja aone kama mguu utageuka rangi amekwisha kuchelewa.

Kupima mpigo ni kazi ya nusu dakika. Tumia kidole cha shahada na cha kati, si gumba, maana gumba lina mpigo wake na litakudanganya. Mkononi, weka vidole kwenye kifundo upande wa gumba. Mguuni pana sehemu mbili. Ya kwanza ni mgongoni mwa unyayo, kwenye mstari unaopanda kutoka kati ya kidole gumba na cha pili. Ya pili ni nyuma ya fundo la ndani la kifundo, katikati ya fundo hilo na kano ya kisigino. Bonyeza polepole, ukikandamiza sana unaufunga mshipa mwenyewe. Wapo watu wenye afya wasio na mpigo wa mgongoni mwa unyayo tangu kuzaliwa, kwa hiyo pima sehemu zote mbili na miguu yote miwili, ulinganishe. Ukiupata, tia alama ya kalamu hapo ili atakayepima baadaye asianze kutafuta upya. Kisha binya ukucha mpaka ufifie, uachie: rangi irudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde mbili. Mwisho gusa miguu yote kwa mgongo wa kiganja chako. Mmoja ukiwa baridi na mwenzake una joto, umekwisha kupata jibu.

Dalili zisizohitaji mjadala ni chache. Damu inayoruka kwa mpigo. Uvimbe unaokua ukiutazama. Uvimbe unaodunda, au unaotetemeka ukiuwekea kiganja. Mpigo uliotoweka chini ya jeraha. Mguu au mkono uliopauka, wa baridi, wenye maumivu makali na ganzi, na baadaye usioweza kujisogeza. Moja tu ikionekana, mgonjwa huyo ana ateri iliyoumia, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, na mahali pake ni penye chumba cha upasuaji. Kumlaza kituoni hadi asubuhi si matibabu.

Watu wengi hudhani damu ikikoma hatari imepita. Hapana. Ateri iliyokatika kabisa hujivuta ndani ya nyama na ncha zake hujikunja, damu ikapungua au ikakoma kwa muda. Iliyokatika nusu ndiyo inayosumbua zaidi, kwa kuwa upande uliobaki mzima huzuia ncha zisijivute, na tundu likabaki wazi. Patasi ikimteleza fundi wa milango huweza kuacha kidonda cha upana wa kucha tu mkononi, damu ikakoma kwa kubanwa na kitambaa, na siku ya tatu au ya kumi pakatokea kifuko cha damu kinachodunda chini ya ngozi. Usipime ateri kwa ukubwa wa kidonda.

Wala usidanganywe na presha. Mtu mzima wa kilo 70 ana lita 5 hivi za damu. Akipoteza mililita 750 huenda asionyeshe kitu ila kiu na wasiwasi. Kijana mwenye afya huweza kupoteza karibu lita moja na nusu kabla presha haijashuka. Kinachotangulia ni mapigo ya moyo kwenda mbio, mikono kuwa baridi na jasho jembamba. Presha ikianza kushuka, mwili umekwisha kutumia akiba yake yote.

Damu inayotoka huzuiwa kwanza kwa mkono. Chukua leso safi, ikunje iwe kifundo kigumu, iweke penye tundu lenyewe wala si juu ya kidonda kizima, kandamiza kwa uzito wa mwili, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia. Kila ukichungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda na kuanza upya. Leso ikilowa chapa, usiongeze ya pili na ya tatu juu yake. Maana yake umekosa mahali. Iondoe, tafuta tundu, anza tena. Kahawa, majivu, sukari na mafuta ya taa havijawahi kuziba ateri, na daktari wa upasuaji atalazimika kuviosha vyote kabla hajaona chochote.

Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu, hapo ndipo pa ukanda wa kukaza. Kunja leso iwe na upana wa vidole vitatu. Izungushe vidole vinne juu ya jeraha, yaani upande wa moyo, wala si juu ya goti au kiwiko. Funga fundo moja, weka kijiti kigumu cha urefu wa shibiri, funga fundo la pili juu yake, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome na mpigo wa chini upotee. Kifunge kijiti kisijifungue. Mshipi wa kuvulia na kamba ya nailoni ni marufuku, kwa sababu ni nyembamba na hukata nyama na neva kabla hazijabana ateri. Ukanda uliolegea ni mbaya kuliko kutofunga kabisa: vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, ziko karibu na ngozi na hubanwa kwa nguvu ndogo, lakini ateri iliyo ndani huendelea kusukuma. Damu inaingia haina pa kurudia, na jeraha linatoka damu zaidi. Ukanda uliofungwa sawasawa unauma sana. Mgonjwa akilalamika, mpe moyo na dawa ya maumivu, usimlegezee.

Andika saa uliyofunga, kwenye paji la uso la mgonjwa au kwenye ukanda wenyewe, na usiufunike kwa shuka. Desturi ya kulegeza kila baada ya nusu saa "ili mguu upumue" iachwe. Kila ukilegeza mgonjwa hupoteza damu nyingine ambayo hatuna ya kumrudishia, na mguu haupati faida ya maana. Hadi saa mbili ukanda kwa kawaida hauleti madhara ya kudumu; kadiri muda unavyozidi hapo, ndivyo misuli na neva zinavyoharibika. Kwa safari za visiwani, ambazo mara nyingi hupita muda huo, muuguzi aliyefunzwa ajaribu kubadilisha kabla ya saa ya pili kwisha: ajaze shashi ndani ya jeraha, akandamize, afunge bendeji ngumu, kisha alegeze kijiti polepole huku ukanda ukibaki mahali pake. Damu ikirudi, akaze tena na asijaribu mara nyingine. Mguu ukiwa umekatika kabisa, au mgonjwa akiwa amezimia kwa kupoteza damu, asiguse. Na ukanda uliokaa muda wa saa sita haufunguliwi na mtu yeyote nje ya chumba cha upasuaji, kwa kuwa sumu iliyokusanyika kwenye misuli iliyokufa hukimbilia moyo na figo kwa mara moja.

Tuseme na hili, kwa kuwa huchanganywa kila mara: ukanda huu ni wa damu inayomwagika. Aliyeumwa na nyoka hakazwi kamba. Tumeona miguu ikipotea kwa kamba ambapo sumu peke yake isingeipoteza.

Kinena, kwapa na shingo havifungiki ukanda. Kinena na kwapa hujazwa. Chukua shashi ndefu, au leso iliyochanwa vipande virefu, uisukume kwa kidole hadi chini kabisa penye chemchemi ya damu, kipande baada ya kipande, mpaka pasiwe na nafasi tena. Kisha kandamiza kwa mikono miwili, viwiko vimenyooka, na usiache hadi mgonjwa apokewe. Kwenye boti hilo lina maana ya mtu mmoja kupiga magoti juu ya mgonjwa safari nzima na mwingine wa kupokezana naye. Mpangeni kabla injini haijawashwa. Shingo hukandamizwa upande mmoja tu, bila kuzunguka koo. Kifua na tumbo havijazwi kitu.

Kilichochoma na kubaki ndani hakichomolewi, kiwe chuma, mkuki wa kuvulia au mwiba wa samaki aitwaye taa. Mara nyingi chenyewe ndicho kizibo. Kata sehemu inayoning'inia, zungushia nguo pande zote kisitikisike, mpeleke hivyo hivyo. Maji ya moto ya nyuzi 45 hivi ni tiba nzuri ya maumivu ya taa aliyechoma wayo. Lakini damu ikiruka, au vidole vikiwa baridi na bila mpigo, acha maji hayo. Mguu uliokosa damu umekufa ganzi na utaungua bila mwenyewe kuhisi.

Haya yote ni ya damu inayoonekana. Yanayotusumbua zaidi ni majeraha yasiyotoa hata tone.

Goti lililoteguka ni la kwanza. Mtu ameruka kutoka jahazini, au ameangushwa na punda, goti likaruka mahali pake na likarudi lenyewe. Nyuma ya goti ateri imeshikiliwa juu na chini, haina nafasi ya kujivuta, hivyo goti likiruka mshipa huo hunyooshwa mpaka utando wa ndani unachanika ilhali ukuta wa nje uko mzima. Damu haitoki. Kinachotokea ni kwamba utando uliochanika hujikunja ndani ya mshipa, damu ikaanza kuganda juu yake, na mpigo uliokuwapo saa kumi jioni ukawa haupo saa nne usiku. Ndiyo maana goti la namna hii hupimwa mpigo kila saa kwa siku moja hadi mbili, hata mgonjwa akisema amepona. Mwenye mashine ya presha na Dopla ndogo ya mkononi, chombo cha kusikilizia damu ikipita mshipani, ana kipimo kizuri zaidi: presha ya juu kwenye kifundo cha mguu ulioumia igawanywe kwa ile ya mkono mzima. Jibu likiwa chini ya 0.9, mshipa umeumia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

La pili ni kiwiko cha mtoto. Mtoto wa miaka mitano hadi minane akianguka kutoka mwembeni akajikinga kwa mkono ulionyooka, mara nyingi mfupa huvunjika juu tu ya kiwiko, na ncha yake kali husukuma ateri iliyo mbele. Kosa linalofanywa nyumbani, na wakati mwingine kituoni, ni kuukunja mkono kwa nguvu na kuutundika shingoni. Kiwiko kilichovimba kikikunjwa kupita pembe mraba, mshipa unafungwa kabisa. Ufungwe ukiwa umekunjwa kidogo tu, digrii 30 hadi 40, kwa banzi lililowekewa pamba, na mpigo upimwe kabla na baada ya kufunga. Mpigo uliokuwapo ukipotea, nyoosha mkono kidogo hadi urudi, na uuache hapo hapo. Kiganja kinaweza kubaki na rangi nzuri na joto ingawa mpigo haupo, kwa sababu ya vijishipa vya pembeni. Mtoto huyo naye aende mbele siku hiyo hiyo.

La tatu ni mabanzi na plasta. Hatuna ugomvi na mafundi wa mifupa. Kuna watu Pate na Siyu wanaowaendea kwanza na wataendelea kuwaendea. Ugomvi wetu ni na kubana. Mfupa uliovunjika huvimba kwa siku mbili hadi tatu. Banzi lililokazwa vizuri leo mchana ni kitanzi kesho alfajiri. Misuli ya mkono na ya mguu imefungwa ndani ya mifuko migumu ya utando isiyotanuka. Uvimbe ukipanda ndani ya mfuko huo, vijishipa vidogo hubanwa kwanza na misuli hukosa damu, ilhali ateri kubwa bado inapitisha mpigo. Hapa basi mpigo hautoshi, na kuusubiri upotee ni kusubiri kiungo kife. Dalili ya mapema ni maumivu yasiyolingana na jeraha, yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa. Vuta vidole vya mgonjwa polepole uvinyooshe. Akipiga yowe, usitafute dalili nyingine. Mtoto hasemi hayo. Yeye hulia bila kunyamazika, na mama huambiwa ni kidonda tu.

Hapo hufunguliwa kila kitu, mpaka ngozi ionekane. Plasta ikipasuliwa kwa nje na pamba ya ndani ikaachwa, hujafanya kitu, maana pamba iliyolowa damu ikakauka ni ngumu kama gamba. Inua kiungo sambamba na moyo, si juu zaidi, kwa kuwa ukikinyanyua sana damu inayoingia hupungua. Ikiwa baada ya nusu saa maumivu hayajashuka, mgonjwa anahitaji kupasuliwa mifuko hiyo kwa kisu. Operesheni hiyo hufanywa na daktari yeyote wa upasuaji, wala haihitaji bingwa wa mishipa. Asipofanyiwa, mkono unaopona hupona ukiwa umekunjamana vidole, haushiki kalamu wala kasia. Mguu huenda ukaishia kwenye donda ndugu. Kwa fundi wa mifupa tunaomba mambo mawili tu: acha ncha za vidole wazi zionekane, na mwambie mgonjwa arudi usiku huo huo kidole kikifa ganzi, bila kuona haya.

Sindano nazo. Mshipa wa ndani ya kiwiko unaopendwa na wengi umelala karibu sana na ateri. Damu inayopanda kwenye mpira wa dripu kwa mipigo, nyekundu inayong'aa, au mgonjwa anayelia kwamba moto unashuka hadi vidoleni mara dawa inapoingia, ni dalili kwamba kanula, kile kimpira cha dripu kinachoachwa mshipani, imeingia ateri. Acha kusukuma dawa papo hapo. Kama hakuna dawa iliyoingia, chomoa na kandamiza dakika 10. Kama dawa imeingia, usichomoe: kanula hiyo ndiyo njia ya kupitishia maji ya chumvi na dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo iache, inua mkono, mwite daktari. Promethazini, dawa ya mzio na kutapika, ndiyo mbaya kupita nyingi. Ikiingia ateri huweza kuua vidole. Yatosha kuichoma kwenye msuli, ndani sana. Na sindano ya tako iende robo ya juu ya nje. Mtoto mdogo achomwe pajani, mbele upande wa nje.

Uvimbe wa kinena tunauandikia matabibu wenzetu, kwa kuwa kosa hapa huua mezani. Lamu na Malindi zina vijana wanaojidunga heroini, na mishipa ya mikono ikiisha huhamia kinenani. Sindano chafu hupiga ateri, ukuta wake huoza kwa vijidudu, na kinachotokea nje ni uvimbe mwekundu, wa moto, unaouma, na mgonjwa ana homa. Sura yake ni ya jipu. Anayeupasua kwa wembe bila kuweka vidole kwanza hapati usaha. Anapata damu ya ateri ya paja ikiruka hadi kifuani mwake. Jipu lolote la kinena, kwapa, shingo au nyuma ya goti huwekewa vidole, na penye kipimo cha picha ya sauti hupimwa kabla ya kisu. Likidunda, halipasuliwi hapo. Kijana huyo hupewa antibiotiki kwa dripu, hulazwa bila kutembezwa, na hupelekwa penye daktari wa upasuaji. Na akiulizwa kama anajidunga, aulizwe faraghani kwa heshima, la sivyo atakana na nyote mtapotea.

Waliopimwa moyo kwa kupitishiwa mpira kinenani huko Mombasa au Nairobi nao hurudi nyumbani na tundu kwenye ateri. Wasipande punda wala boti ndogo ya kurukaruka siku chache za mwanzo, wasibebe vitu vizito. Damu ikitoka, alale chali, mwenzake akandamize kwa kiganja juu kidogo ya alama ya sindano, kwa sababu tundu la mshipa liko juu kuliko tundu la ngozi. Kinundu kidogo kigumu kisichodunda ni cha kawaida. Kinachodunda kinahitaji kupimwa wiki hiyo. Maumivu makali ya mgongo au ubavu pamoja na kizunguzungu ni dharura hata kama kinena ni kikavu, maana damu huweza kuwa inajikusanya nyuma ya tumbo. Mgonjwa wa figo mwenye mshipa wa kusafishia damu mkononi asikubali kupimwa presha wala kuchomwa sindano mkono huo, na aushike kila asubuhi asikie mtetemo wake. Ukipasuka, kizibo cha chupa ya plastiki kikigeuzwa juu ya tundu na kukandamizwa huzuia damu vizuri kuliko taulo nene, kwa kuwa nguvu yote huenda mahali pamoja.

Kwa hospitali ndogo, mambo machache huokoa kiungo bila ya bingwa. Traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 kwa dripu ndani ya dakika 10, ikifuatiwa na gramu 1 nyingine kwa muda wa saa nane, hupunguza vifo vya kutoka damu ikiwa imeanzishwa ndani ya saa tatu tangu ajali. Baada ya hapo huweza kudhuru. Usimjaze mgonjwa lita kwa lita za maji ya chumvi kabla damu haijazuiwa, maana presha ikipanda ghafla kizibo cha damu huruka. Presha ya juu ya 80 hadi 90 inatosha, isipokuwa kama kichwa nacho kimeumia. Tundu la ndani la shingo au kinena lisilofikika kwa kidole huingizwa mpira wa mkojo wenye puto, puto likajazwa mililita 10 hadi 20 za maji, mpira ukabanwa na ngozi ikashonwa kuuzunguka. Usitumbukize koleo gizani kwenye dimbwi la damu, kwani utasaga neva inayotembea pamoja na ateri na kuharibu ncha ambazo mwenzako alitaka kuziunga. Na daktari wa upasuaji asiyejua kuunga ateri anaweza kuingiza kipande cha mpira safi wa plastiki kati ya ncha mbili na kuzifungia kwa uzi. Mguu unapata damu kwa saa kadhaa, na safari ya Mombasa inakuwa na maana.

Kaunti, kwa upande wake, haihitaji kungoja bajeti kubwa. Kila zahanati kuanzia Kiunga hadi Kipungani iwe na kanda mbili za kukaza zilizotengenezwa kiwandani, shashi ndefu, kalamu isiyofutika, Dopla ndogo ya mkononi, na msumeno au mkasi wa kukatia plasta. Kila nahodha wa boti ya abiria afundishwe kufunga ukanda. Ni somo la alasiri moja.

Karatasi inayofuatana na mgonjwa iwe na mistari hii, kwa mwandiko unaosomeka: saa ya ajali, wala si saa ya kufika kituoni, saa ya kufunga ukanda, mpigo upo au haupo, mahali gani, saa ngapi, vidole vinasogea au havisogei, dawa alizopewa na saa, kundi la damu kama linajulikana, na namba ya simu ya aliyempokea upande wa pili. Jamaa wawili au watatu wenye afya wapande naye boti, si kwa kulia naye tu, bali kwa sababu huko aendako ataombwa damu.

Wauguzi na matabibu wa huduma za dharura,
Lamu.